Vyuo vya Marekani Vinahama Ligi: Majibu ya Maswali Yenu

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wasomaji walioanza kufuatilia futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa mpira wenye umbo la yai, wakashangaa kuona chuo cha Los Angeles kikicheza ligi moja na chuo cha New Jersey. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Huku kwetu klabu haiwezi kuamka asubuhi ikatangaza kwamba imehama Ligi Kuu. Kwa nini vyuo vya Marekani vinaweza? (Msomaji, Morogoro)

Kwa sababu ligi za huko ni vyama vya hiari. Hakuna kupanda wala kushuka daraja. Bodi ya chuo inapiga kura, inaandika barua ya kujitoa, inalipa ada iliyokubaliwa, na marais wa vyuo vya ligi mpya nao wanapiga kura ya kukipokea. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, hakimpangii yeyote ligi, na hata ubingwa wa taifa wa futiboli ya daraja la juu hakiuendeshi.

Zamani chama hicho kilikuwa na nguvu kubwa zaidi. Kiliuza haki zote za televisheni na kuweka kikomo cha mara ambazo chuo kimoja kingeonekana hewani. Vyuo vikuu vya Oklahoma na Georgia vilikwenda mahakamani, na mwaka 1984 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwa kura 7 dhidi ya 2 kwamba utaratibu huo unavunja sheria ya ushindani. Tangu hapo haki za matangazo zikawa mikononi mwa vyuo na ligi zao. Yote mnayoyaona leo yametokana na hukumu hiyo.

Hatua ya pili ilikuwa kanuni iliyoruhusu ligi yenye timu 12, zilizogawanywa makundi mawili, kucheza fainali yake yenyewe. Ligi ya SEC ya majimbo ya kusini iliwachukua Arkansas na South Carolina, ikatimiza 12, na mwaka 1992 ikacheza fainali ya kwanza mjini Birmingham, ambapo Alabama iliifunga Florida 28-21. Mechi moja ya ziada yenye watazamaji wengi iliuzika vizuri, na ligi nyingine zikafuata. Southwest Conference, ligi iliyokuwa imempoteza Arkansas na kubaki na vyuo vya Texas peke yake, ilivunjwa mwaka 1996. Vyuo vyake vinne viliungana na vyuo vinane vya ligi ya Big Eight, ikazaliwa Big 12.

Swali: Pac-12 ilikuwa ligi kubwa ya pwani ya magharibi. Ilikufaje kwa muda mfupi hivyo? (Msomaji, Nakuru)

Ligi hiyo inajihesabia mwanzo wake mwaka 1915, na kuvunjika kwake kulichukua takriban miezi 14. Ukilifuata tukio hili tarehe kwa tarehe, utaelewa pia ligi nyingine zote.

Udhaifu ulianza mapema. Mwaka 2007 Big Ten, ligi ya majimbo ya kati-magharibi, ilianzisha kituo chake cha televisheni kwa kushirikiana na kampuni ya televisheni ya Fox. Pac-12 ilipoanzisha chake mwaka 2012 ilikimiliki peke yake, bila mshirika wa kukisukuma kwa wasambazaji, na kampuni kubwa ya setilaiti ya DirecTV haikukibeba. Mapato yakabaki nyuma ya wenzao kila mwaka.

Tarehe 30 Juni 2022, USC na UCLA, vyuo viwili vya Los Angeles, vilitangaza kwamba vinakwenda Big Ten. Walichagua wakati: mkataba wa matangazo wa Pac-12 ulikuwa unaisha majira ya joto ya 2024, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuwafunga baada ya hapo. Mwezi Agosti Big Ten ikasaini na vituo vya Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka 7 wenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 7.

Kisha Big 12 wakacheza kwa akili. Mkataba wao ulikuwa unaisha 2025, mwaka mmoja baada ya ule wa Pac-12, lakini wao ndio waliotangulia mezani. Oktoba 2022 walikubaliana na vituo vya ESPN na Fox kuongeza miaka 6 kwa dola bilioni 2.28. Fedha na nafasi za vipindi vya Jumamosi zikawa zimechukuliwa, na Pac-12 ikabaki ikitafuta mnunuzi katika soko lililokwisha kushiba.

Julai 27, 2023 Colorado akaondoka kwenda Big 12. Ofa iliyobaki mezani ilitoka Apple, na malipo yake yalitegemea idadi ya watu ambao wangejiandikisha kutazama. Mweka hazina wa chuo anataka tarakimu anayoweza kuiingiza kwenye bajeti, na hiyo haikuwepo. Agosti 4, Oregon na Washington wakaenda Big Ten, wakikubali mgao mdogo kuliko wa wenzao. Siku hiyo hiyo Arizona, Arizona State na Utah wakaenda Big 12. Septemba 1, Stanford na California wakapokewa na ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, pamoja na SMU ya Dallas. Stanford na California walikubali asilimia 30 tu ya mgao kwa miaka 7 ya mwanzo, na SMU wakakubali miaka 9 bila fedha za televisheni. Hapo ndipo mtu anapoona jinsi hofu ya kuachwa nje ilivyokuwa kubwa.

Walibaki Oregon State na Washington State. Mahakama ya jimbo la Washington iliwapa mamlaka juu ya bodi ya ligi na mali zake, na kanuni za NCAA zinaruhusu ligi iliyopungua chini ya wanachama 8 miaka miwili ya kujijenga upya. Kwa msimu wa 2026 wamefikisha timu 8 za futiboli kwa kuwaleta Boise State, Colorado State, Fresno State, San Diego State, Utah State na Texas State. Jina limesalia, lakini vigogo wa zamani hawapo tena.

Swali: Je, kuna njia ya kujua mapema chuo kipi kitahama, au tusubiri tetesi? (Msomaji, Mombasa)

Tetesi ziacheni. Tafuteni mambo manne: mkataba wa matangazo wa ligi unaisha lini, waraka wa kukabidhi haki unaishia mwaka gani, ada ya kujitoa ni kiasi gani, na notisi ni ya muda gani. Waraka wa kukabidhi haki ndio kufuli lenyewe. Chuo kinaikabidhi ligi haki za mechi zake za nyumbani mpaka tarehe fulani. Kikiondoka kabla ya tarehe hiyo, ligi mpya inampokea mgeni ambaye mechi zake za nyumbani haiwezi kuziuza.

Texas na Oklahoma walitangaza Julai 2021 kwamba wanahamia SEC, wakasema watasubiri mkataba wa Big 12 uishe mwaka 2025. Kisha wakaafikiana kuondoka mwaka mmoja mapema, na bei ya mwaka huo mmoja kwa wote wawili ilikuwa dola milioni 100.

ACC ndiyo ya kutazamwa sasa. Waraka wake unafika 2036, jambo lililowakera Florida State hadi wakafungua kesi Desemba 2023, wakafuatwa na Clemson Machi 2024. Suluhu ya Machi 2025 ilipunguza kufuli: ada ya kuondoka ilipangwa kuanzia dola milioni 165, ikishuka kwa milioni 18 kila mwaka hadi milioni 75 msimu wa 2030-31, na anayeilipa anaondoka na haki zake. Aidha, asilimia 60 ya fedha za televisheni sasa hugawanywa kwa kuangalia nani anatazamwa zaidi. Mkataba wa Big Ten unaisha 2030 na wa Big 12 mwaka 2031. Tarehe tatu zinakutana mahali pamoja, na kwa maoni yetu hapo ndipo mtikisiko mwingine utakapotokea.

Swali: Niko Des Moines. Mwaka 2024 timu nne za Big 12 zililingana kwa rekodi, na sikuelewa Iowa State walichaguliwaje kucheza fainali.

Ligi ikiwa kubwa mno, timu hazikutani zote. Big 12 ina timu 16 na kila moja inacheza mechi 9 za ligi, kwa hiyo wapinzani 6 haiwaoni kabisa. Katika Big Ten yenye timu 18 hali ni mbaya zaidi: mechi 9, wapinzani 8 hawaonekani. SEC ilibaki na mechi 8 na inaanza kucheza 9 msimu wa 2026. Zamani makundi mawili yalisaidia, maana ndani ya kundi wote walikutana. Sasa ligi hizi zimeyafuta na wawili wa juu ndio wanaocheza fainali.

Arizona State, Iowa State, BYU na Colorado walimaliza wote kwa ushindi 7 na vipigo 2. Kanuni ya kwanza, matokeo ya wao kwa wao, haikufaa kwa kuwa Iowa State hawakuwa wamekutana na yeyote kati ya wale watatu. Ikabidi kwenda kwenye matokeo dhidi ya wapinzani waliowahusu wote, na hapo Arizona State wakatangulia; Iowa State wakapata nafasi ya pili kwa uzito wa wapinzani waliocheza nao. Fainali iliisha 45-19, Arizona State wakiwa mabingwa.

Kilichotokea ACC mwaka 2025 ni kizito zaidi. Virginia waliongoza kwa 7-1 (ushindi 7, kipigo 1), na timu tano zikalingana nyuma yao kwa 6-2: Duke, Miami, Pittsburgh, Georgia Tech na SMU. Hatua za awali hazikuwatenganisha, ikafika kwenye uzito wa wapinzani waliochezwa, na Duke, waliokuwa na rekodi ya 7-5 kwa msimu mzima, wakaingia fainali. Wakawafunga Virginia 27-20 kwa muda wa ziada. Lakini mwaka huo mchujo wa taifa wenye timu 12 uliwapa nafasi mabingwa watano wa ligi waliopangwa juu zaidi katika orodha ya ubora, na Tulane na James Madison, mabingwa wa ligi ndogo, walipangwa juu ya Duke. Bingwa wa ACC akabaki nyumbani. Miami, ambao hata fainali ya ligi hawakuigusa, wakaalikwa. Ligi isiyoweza kukutanisha timu zake bora haina haki ya kushangaa ikipata bingwa wa namna hii, na sisi tunaliona hili kuwa kasoro kubwa kuliko zote za ligi hizi mpya.

Swali: Na watani wa jadi je? (Wasomaji kadhaa)

Inategemea. Oklahoma na Oklahoma State wamecheza kwa zaidi ya karne. Mechi yao ya mwisho ilikuwa Novemba 4, 2023, State wakishinda 27-24, na haijapangwa kila mwaka tena. Washington na Washington State wameiokoa yao kwa kuitoa mwisho wa Novemba na kuipeleka Septemba kama mechi isiyo ya ligi. Kuna aliyefaidika pia: Texas na Texas A&M walitenganishwa na uhamaji wa miaka ya 2011 na 2012, wakakutanishwa tena ndani ya SEC mwaka 2024, na Texas wakashinda 17-7 ugenini.

Swali: Binti yetu ni mkimbiaji na amepewa ofa ya ufadhili na chuo kilichohama ligi. Tuwe na wasiwasi wa safari? (Mzazi, Eldoret)

Mzazi, kwa mbio safari si tatizo kubwa. Ubingwa wa ligi ni mara tatu kwa mwaka: mbio za nyika, za ukumbini na za uwanjani. Wanaoumia ni wa voliboli, soka na softiboli, wanaosafiri kila wiki. Kutoka Los Angeles hadi New Jersey ni takriban kilomita 4,000 na tofauti ya saa 3, na Jumatatu kuna darasa.

Ulizeni zaidi kuhusu nafasi. Tangu suluhu ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA, iliyoidhinishwa Juni 2025, chuo kilichojiunga nayo kinaweza kuwagawia wanamichezo wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, na vyuo vingi vinapeleka sehemu kubwa kwenye futiboli na kikapu. Kwa upande wa pili kuna ukomo wa wachezaji: 17 kwa mbio za nyika, 45 kwa riadha. Ombeni kwa maandishi ufadhili ni wa miaka mingapi, unalipia nini na nini haulipii, na nini kitatokea binti akiumia au kocha akiondoka.

Jambo la mwisho ni viza. Mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya F-1 ana mipaka mikali ya kufanya kazi, na malipo ya matangazo ya biashara yanaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Asisaini chochote, hata cha dola 50, kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo.

Swali: Mechi huanza saa ngapi kwa saa zetu? (Msomaji, Dodoma)

Siku ni Jumamosi. Septemba na Oktoba, mechi za Big Ten za Fox huanza saa 1 usiku, za CBS saa 4:30 usiku, za NBC saa 8:30 usiku, na za pwani ya magharibi zinazochelewa hufika saa 11:30 alfajiri ya Jumapili. Baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba Wamarekani wanarudisha saa nyuma, basi ongezeni saa moja kwa kila moja. Fainali ya taifa huchezwa Januari usiku wa Jumatatu kwao, na kwetu inakuwa Jumanne kama saa 9:30 usiku. Wasomaji wa Bukavu, Bujumbura na Kigali toeni saa moja, na wa Muscat ongezeni moja.