Kazini, mtazame mtu siku ya habari mbaya

Siku hizi karibu kila ofisi yenye bajeti ya mafunzo imeshaletewa mkufunzi wa rangi nne. Mnakusanywa kwenye ukumbi wa hoteli kule Raskazone, Tanga, mnajaza karatasi ya maswali, na kabla ya chai ya saa nne kila mtu ana rangi yake: mwekundu wa amri, wa manjano wa maneno mengi, wa kijani mpole, wa bluu mtu wa hesabu. Mnacheka, mnapiga picha. Shida inaanza Jumatatu, pale aliyezoea kukaripia wenzake anapoona amepewa kibali: "Mimi mwekundu bwana, ndivyo nilivyoumbwa."

Wazo lenyewe ni la kale. Waganga wa Kigiriki waliwagawa watu kwa majimaji manne ya mwili, matabibu wa Kiislamu akina Ibn Sina wakaipokea elimu hiyo na kuiendeleza. Mgawanyo wa sasa umetokana kwa sehemu kubwa na Mmarekani William Moulton Marston, aliyeeleza mielekeo minne ya watu mwaka 1928. (Ndiye huyo huyo aliyembuni Wonder Woman, kwa hiyo hakuwa mtu wa jambo moja.) Yeye hakutunga mtihani wa kupanga wafanyakazi, hilo walilifanya wengine baadaye. Upo na mtihani mwingine, MBTI, unaompa mtu herufi nne badala ya rangi; huo ulitungwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kwa kufuata mawazo ya Carl Jung ya mwaka 1921. Wanasaikolojia wengi wanaukosoa, kwa sababu mtu yule yule akiurudia baada ya wiki kadhaa anaweza kutoka na herufi nyingine.

Mimi nimeacha kuuliza mtu ni wa rangi gani. Naangalia habari mbaya anaileta vipi.

Ninafanya uwakala wa forodha hapa Tanga, na kazi hii imebadilika sana. Kabla gati halijaongezwa kina, meli kubwa zilitia nanga mbali, mzigo ukashushwa kwenye matishari, matishari yakauleta gatini. Mzigo ulishikwa mara mbili, na kosa la karatasi lilipata nafasi ya kurekebishwa mzigo ukiwa bado majini. Sasa kina kimefika mita 13, meli inafunga gatini na shehena inashuka kwa kasi. Jina la mpokeaji likikosewa kwenye hati, na aliyeliona akakaa kimya hadi kesho, mteja anaanza kuhesabiwa gharama za kuhifadhi mzigo. Kwetu ukimya una bei.

Basi watazame watu wenyewe. Nina karani wa nyaraka ambaye akigundua kosa haji kusema. Anaiweka ile hati juu ya meza yangu, kaikunja pembe, anaondoka. Ukimfuata na kumuuliza mbele ya watu, "Kuna tatizo?", atajibu hakuna. Ukimwambia, "Hebu nifafanulie karatasi hii," anakupa maelezo kamili kuliko mtu yeyote ofisini. Msimamizi wetu wa yadi ni kinyume chake: anapiga simu, anafoka, sentensi ya kwanza ni lawama, ya pili lawama, ya tatu ndiyo taarifa. Wageni wanakata simu kwenye ya pili. Mhasibu naye huleta jambo kwa hadithi ya mteja mwingine, wa miaka ya nyuma, aliyefanya hivi na hivi, mpaka ugundue mwenyewe kwamba mteja huyo ndiye wewe.

Hawa wote wanasema. Kazi ya kiongozi, na ya mwenzao wa meza ya jirani pia, ni kujua kila mmoja anasemea wapi.

Nieleze kidogo kuhusu hili la kuzunguka, maana wenzetu wanaohamia kutoka mikoa mingine hulalamika kwamba watu wa Tanga hawasemi moja kwa moja. Mji huu ndio uliozaa kundi la taarabu la Black Star, na taarabu ina namna yake ya kufikisha ujumbe. Mama anainuka na noti mkononi kwenda kumtunza mwimbaji, na anainuka kwenye ubeti ule ule unaomgusa jirani yake. Ukumbi mzima umeelewa. Jirani naye ana uchaguzi: ajibu kwa noti yake, au ajifanye hakusikia na kesho waamkiane kama kawaida. Fumbo linamwachia mtu mlango wa kutokea bila kuvunjiwa heshima, na mnaofanya kazi pamoja miaka na miaka mnauhitaji mlango huo. Lina udhaifu wake, sikatai. Fumbo linataka muda, na meli ikiwa gatini muda haupo. Ofisini kwetu tulikubaliana kwamba mambo matatu husemwa wazi na papo hapo, hata kama ni kwa simu usiku: jina, uzito na tarehe. Mengine yote mtu alete kwa njia yake.

Jambo la pili ni salamu. Sisi tukiulizwa habari, tunajibu nzuri kwanza, hata nyumbani kukiwa na mgonjwa. "Nzuri, ila mtoto homa." Mkubwa mwenye haraka anasikia "nzuri" na kupita. Kazini ni vilevile: "Mzigo unaendelea vizuri, ila kuna kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho alichokujia. Usiondoke.

Shikamoo nayo ina uzito wake. Kijana wa miaka 24 aliyetoka kukuamkia kwa heshima zote hatageuka dakika tano baadaye kukuambia mbele ya kikao kwamba hesabu zako hazikubaliani na za mfumo. Ukimlazimisha atatazama chini. Mkubwa, sema mwisho. Ukianza wewe, kikao kimeisha. Kama jambo ni zito, pita kwa watu mmoja mmoja kabla ya kikao, hata kwa kisingizio cha kuomba kalamu. Na wewe kijana, huna haja ya kumkosoa mzee hadharani ili uonekane jasiri. Mfuate baadaye: "Mzee, samahani, naomba unisaidie kuelewa hapa." Sijaona mzee aliyekataa ombi hilo.

Kuhusu WhatsApp nitasema machache. Ujumbe wa sauti wa dakika nne kwenye kundi la kazi hausikilizwi na mtu, andika. Kwa aliyezoea simu, piga simu, kisha mtumie maandishi ya mlichokubaliana. Na kidole gumba kilichoinuliwa kisihesabiwe kuwa kazi imefanyika.

Halafu kuna utani. Mkonge ulioanza kulimwa huku baada ya mwaka 1893 ulivuta manamba, yaani vibarua wa mashamba, kutoka kila upande wa nchi na nje yake, kwa hiyo Tanga imezoea kuchanganya watu kazini tangu zamani, na utani umesaidia sana. Mtani anaweza kukwambia kwamba umechelewesha kazi ya watu wote, akakuita na mzembe, mkacheka. Ila utani una wenyewe. Mgeni wa wiki moja, asiyejua nani mtani wa nani, anasikia matusi tu. Mweleze mapema, tena afanye hivyo yule mtani mwenyewe.

Yupo pia mtu asiyeingia katika haya yote: anayemdharau mlinzi, anayemnyamazisha mwanamke kila akizungumza, kisha anasema hiyo ndiyo namna yake ya kuongea. Mtazame akiongea na mwenye kampuni. Kama huko anajua kushusha sauti na kusubiri zamu yake, basi anajua, na kwa wengine anachagua. Usipoteze muda kumtafutia rangi. Andika tarehe, andika alichosema na nani walikuwepo, upeleke kwa mwenye mamlaka.