Re: Nutria Louisiana, mikia ina malipo lakini kinamasi bado kinaliwa

Habari ndugu. Unasema umepata ruhusa ya kuwinda nutria, wale panya wakubwa wa majini walioletwa kutoka Amerika Kusini, kwenye kinamasi cha jirani huko Louisiana, Marekani, umekusanya mikia, lakini majani yanazidi kuisha.

Kwanza hakikisha umesajiliwa katika mpango wa pwani wa jimbo, ule unaolipia mikia ili nutria wapungue, una leseni ya kutega, na ruhusa ya mwenye ardhi iko kwenye maandishi. Bila hivyo mkia hauna malipo. Malipo ni dola 6 kwa mkia, msimu ni Novemba 20 hadi Machi 31, na mkia usiwe mfupi kuliko inchi 7. Mimi huipaka chumvi siku ileile, maana mkia uliooza haupokelewi.

Tazama pia mkia wenyewe. Wa nutria ni wa mviringo kama kamba nene. Wa maskrati, panya mwingine wa majini aliye mdogo zaidi, umebanwa ubavuni. Maskrati ni mwenyeji wa hapo, mwache.

Sasa kuhusu uharibifu. Nadhani unawinda panapofikika kwa urahisi. Nami nilifanya hivyo msimu mzima, kando ya mfereji tu, huku ndani wakizaliana. Jike hubeba mimba siku 130 hivi, na hupandwa tena siku moja au mbili baada ya kuzaa. Ingia ndani kwa mtumbwi. Ukiona mashina yamekatwa, mizizi imefukuliwa na tope liko wazi, tega hapo, kwenye njia zao zenye kinyesi kibichi. Rudia eneo hilohilo hadi alama mpya ziishe, ndipo usogee.