Kuuza nyumba ya Shangani, Mtwara kwa mtu aliye Dar
Ndugu unaeuliza kama kuitembeza nyumba yako ya Shangani mtandaoni, yaani kumuonesha mnunuzi kwa video, kutasaidia, itasaidia sana tu, mtu yuko Dar hawezi kupanda basi zaidi ya kilomita 550 kuja Mtwara kuangalia sebule. Kamera ya nyuzi 360, ile inayopiga pande zote, kama huna usihangaike, simu inatosha, rekodi ukianzia barabarani uingie getini taratibu bila kukata, fungua bomba maji yaonekane yanatoka, halafu uwaoneshe bati na misumari yake kwa karibu maana huku chumvi ya bahari inakula bati kweli na mnunuzi makini lazima aulize. Namba ya hati usiiweke hadharani jamani, hiyo mpe alie serious akafanye upekuzi, yaani kuhakiki hati, ofisi ya ardhi kabla hajatoa hela.