Magurudumu Yakigusa, Usiachie Usukani

Nilitua vizuri. Watu huguna nikisema hivyo, maana walichokiona ni picha ya Cessna 172, ndege ndogo ya injini moja, imepiga magoti kwenye majani, propela imepinda. Lakini ndivyo ilivyokuwa: gurudumu la kulia liligusa kwanza, likafuata la kushoto, halafu la mbele. Ajali ilikuja baada ya hapo, niliposhusha pumzi.

Ilikuwa mara yangu ya nne kuruka peke yangu. Naondoka, upepo ulikuwa mdogo na ulinijia usoni. Narudi, mnara wa kuongozea ndege ukanipa njia ya kutulia namba 27, yaani inayoelekea digrii 270, upepo ukitoka digrii 330, noti 12 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa). Nikajisemea, kitabu cha ndege kinataja noti 15 za upepo wa ubavuni, basi nimo. Ile 15 si ruhusa ya kila mtu. Ni upepo ambao rubani wa majaribio alitua nao wakati ndege inathibitishwa, na yule hakuwa mwanafunzi mwenye saa chache kama mimi. Mimi nilikuwa na kikomo changu, noti 8, mwalimu amekiandika kwa mkono wake kwenye daftari langu la safari. Daftari lilikuwa kwenye kiti cha pembeni.

Hesabu yenyewe unaifanya kichwani. Upepo ukija kwa pembe ya digrii 30 kutoka njia, nusu yake inakupiga ubavuni. Digrii 45, sehemu saba kwa kumi. Digrii 60, karibu tisa kwa kumi. Kwangu ilikuwa 60, kwa hiyo kitu kama noti 10 na ushei. Sikupiga hesabu hiyo hadi jioni, nikiwa nimekaa kitandani na viatu.

Basi nikagusa, nikaona kazi imekwisha, na mkono wa kushoto ukaulegeza usukani ukarudi katikati. Hata sikujua nimefanya hivyo. Upepo ulikuwa unatoka kulia. Bawa la kulia likanyanyuka, taratibu, kama mtu anayeinua bega. Pua ikageukia kulia, nikakanyaga pedali ya kushoto kwa nguvu na breki juu yake, matairi yakalia, kisha tukawa kwenye majani. Gurudumu la mbele likakunjika na propela ikachimba udongo. Nikafunga mafuta, nikazima swichi kuu. Kukawa kimya, isipokuwa mlio mwembamba wa jairo, zile gurudumu ndogo zinazozunguka ndani ya vipimo vya dashibodi, zikiendelea kuzunguka kana kwamba bado tuko angani. Sikuumia hata ukucha.

Kilichonishinda ni hiki. Ndege ikiwa ndiyo kwanza imegusa, bado ina mwendo wa kutosha kwa bawa kubeba uzito. Na ule mkia uliosimama nyuma unashika upepo kama tanga, kwa hiyo pua inataka kuelekea upepo unakotoka. Kadiri mwendo unavyopungua, eleroni, yale mabamba ya nyuma ya mabawa yanayoendeshwa na usukani, zinakosa nguvu, maana hewa inayopita juu yake ni kidogo. Kwa hiyo usukani haurudishwi katikati. Unazidi kuuzungusha kuelekea upepo, polepole, mpaka ugote mwisho. Inashangaza mwanzoni, kwa sababu mwili unataka kupumzika wakati mkono ndio unatakiwa kuongeza.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote nilipewa baada ya ajali, na ningependa ulidai kabla. Mwambie mwalimu mpite juu ya njia yote, futi chache tu kutoka chini, bila kutua. Yeye ashike nguvu ya injini. Wewe kazi yako ni kulaza bawa upande wa upepo na kunyoosha pua kwa pedali ya upande wa pili. Kutua kwa kawaida kunakupa sekunde chache tu za kujifunza hilo. Hapa unapata njia nzima, na mkirudia mara tano miguu inaanza kuelewa yenyewe bila kuambiwa.

Na ukiwa unashuka, pedali imefika mwisho na pua bado haijanyooka, usibembeleze. Ghairi kutua: nguvu zote, inua pua, punguza flapu (mabamba ya mabawa yanayoshushwa wakati wa kutua) kwa hatua. Mnara hauulizi kwa nini. Kama una mafuta na kuna uwanja mwingine ambao njia yake inaelekea upepo, nenda huko, hata kama gari lako limeegeshwa hapa. Mimi nilikuwa na mafuta ya saa mbili na zaidi.

Siku niliyorudi kuruka, mwalimu alikaa mikono juu ya mapaja, hakugusa kitu. Tukatua, tukatoka kwenye njia, tukawa tunatambaa kuelekea maegesho, nikaanza kumweleza jinsi nilivyojisikia. Akanyoosha kidole kwenye usukani wangu. Ulikuwa katikati.