Maharage ya Wapueblo yanagoma kuiva

SWALI: Mpishi, nimehamia Santa Fe, New Mexico, Marekani. Sokoni nimepata maharage yenye mabaka mekundu na meupe, wanayaita Anasazi, eti ni mbegu ya kale ya Wapueblo, wenyeji wa asili wa huku. Nimeyachemsha masaa matatu pamoja na nyanya, kama tulivyozoea Moshi, na bado ni magumu. Nitie magadi?

JIBU: Ndugu yangu, kilichokushinda ni mwinuko na hizo nyanya. Santa Fe iko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na huko maji hutokota yakifika nyuzi 93 hivi. Hata uchochee moto namna gani, sufuria ya kawaida haipandi zaidi ya hapo. Asidi ya nyanya nayo huzuia maharage yasilainike. Nyanya zisubiri mpaka yaive kabisa.

Usiku loweka kwa maji ya chumvi, kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Najua tumelelewa tukiambiwa chumvi hukaza maharage. Kwenye kuloweka ni kinyume: sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu kwenye ganda, likalegea. Asubuhi mwaga, suuza, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 ili kuua lektini inayoumiza tumbo, kisha punguza moto. Ukiwa na presha kuka, tumia hiyo; kwa mwinuko huo ndiyo dawa hasa.

Magadi yataivisha, sikatai, ila ncha ya kijiko tu. Yakizidi, mchuzi una ladha ya sabuni na vitamini B1 inapotea. Mabaka yatafifia hata usipotia magadi, kwa sababu rangi ile huyeyuka majini.

Halafu hilo jina. Anasazi limetokana na Kinavajo, lugha ya Wanavajo, wenyeji wengine wa huko, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa mababu wa maadui. Wapueblo wengi hawapendi wazee wao waitwe hivyo, kwa hiyo ukialikwa Taos au Zuni, vijiji vyao, sema maharage, inatosha.

Wapueblo wamekula maharage na mahindi tangu kale. Sisi wa makande tunakoboa mahindi kwa kutwanga. Wao huyachemsha na majivu au chokaa mpaka ganda libanduke. Ukiyapata mahindi hayo makavu, yapike sufuria yake, maana huchelewa, ndipo uchanganye na maharage yaliyoiva, kitunguu na pilipili nyekundu ya huko. Nyanya zako tia sasa.