Kocha wa kigeni timu ya taifa: sikilizeni lalamiko linalobaki baada ya ushindi

Mleta mada ameuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kocha wa kigeni aliyepokewa kwa shangwe anatakiwa afukuzwe baada ya mechi nne tu, ambazo ameshinda moja. Pili, je, shirikisho la soka liyafuate maoni hayo ya wananchi au liyapuuze. Nitajibu kwa kutumia niliyoyaona kazini, kwa kuwa kwa miaka mingi nilikuwa mwandaaji wa kipindi cha michezo cha redio, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa kupokea simu na kuchambua ujumbe wa wasikilizaji kabla haujasomwa hewani. Katika miaka hiyo timu ya taifa ilipita mikononi mwa makocha wazawa na wageni, na wote walitukanwa kwa zamu.

Nilichokiona mapema ni kwamba uraia wa kocha huwa hoja ya mwisho kufika, ingawa ndiyo husemwa kwa sauti ya juu kuliko nyingine zote. Timu iliposhinda, hakuna aliyetukumbusha kwamba benchi lina mgeni. Ilipofungwa, mfuatano wa lawama ulikuwa uleule karibu kila mara: kwanza uteuzi wa kikosi, hasa jina la mchezaji mmoja aliyeachwa, kisha mfumo, kwamba timu inajihami mno, kisha mshahara, ambao kila msikilizaji alikuwa na kiwango chake cha kuutaja, na mwisho kabisa ndipo mtu alipoandika kwamba huyu si mwenzetu, hana uchungu na nchi. Tena walioandika hivyo, kwa namba zilezile za simu, ndio waliokuwa wameandika siku za nyuma kwamba kocha mzawa aondolewe kwa kuwa anawapendelea wachezaji wa klabu aliyowahi kuichezea, na kwamba sasa tuletewe mgeni asiye na upande.

Kwa sababu hiyo niliacha kuupa uzito mkubwa ujumbe wa usiku wa kufungwa, nikaanza kusoma kwa makini zaidi ule uliokuja siku mbili tatu baada ya kushinda. Lalamiko linaloendelea kuletwa hata katika wiki ya ushindi ndilo ninaloliita maoni ya wananchi. Mengine ni hasira ya matokeo, na hasira hiyo huzimwa na bao moja.

Mfano ulio wazi kuliko yote ninaoufahamu ni Vahid Halilhodžić, Mbosnia ambaye amefundisha timu kadhaa za taifa na kugombana na watu karibu katika kila moja. Akiwa na Algeria katika Kombe la Dunia la 2014, alifungwa 2-1 na Ubelgiji katika mechi ya kwanza na akashambuliwa kwa kucheza soka la woga. Alibadilisha kikosi, akaifunga Korea Kusini 4-2, akatoka sare na Urusi, na Algeria ikaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza katika historia yake, ambako iliwatoa jasho Wajerumani mpaka muda wa nyongeza kabla ya kufungwa 2-1. Wananchi wakamsihi abaki, lakini aliondoka. Lawama za soka la woga hazikuonekana tena, kwa sababu tangu mwanzo zilikuwa lawama za matokeo.

Sasa mtazameni mtu huyohuyo akiwa Morocco. Alimwacha nje Hakim Ziyech, mchezaji nyota wa timu hiyo, baada ya mgogoro kati yao, na timu ikaendelea kushinda. Machi 2022 iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 4-1 na kufuzu Kombe la Dunia. Kwa kipimo cha matokeo mjadala ulipaswa kufungwa usiku ule. Haukufungwa. Watu walishangilia tiketi ya Qatar na wakaendelea kuuliza Ziyech yuko wapi. Agosti mwaka huo Halilhodžić aliondolewa, Walid Regragui akachukua nafasi, Ziyech akarudi, na Morocco ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Sisemi kwamba wananchi walikuwa na akili ya mpira kumzidi kocha. Ninasema lalamiko lao lilikuwa la kweli kwa maana kwamba ushindi haukuliyeyusha, na shirikisho lililolisikia halikujuta.

Korea Kusini nayo imetoa hukumu mbili zinazopingana juu ya makocha wawili wa kigeni. Guus Hiddink aliteuliwa ili aiandae timu kwa Kombe la Dunia la 2002, na mwaka mmoja kabla ya mashindano alikuwa amefungwa 5-0 na Ufaransa na tena 5-0 na Jamhuri ya Czech, mpaka matokeo hayo yakawa jina lake la utani. Alifika nusu fainali. Akapewa uraia wa heshima, na uwanja wa Gwangju ukapewa jina lake. Jürgen Klinsmann aliteuliwa mwaka 2023, na malalamiko makubwa dhidi yake yalihusu mahali anapoishi: muda mwingi alikuwa Marekani badala ya kukaa Korea akiangalia ligi ya nchi. Mwishoni mwa mwaka huo timu ilishinda mfululizo, ikiwafunga Vietnam 6-0 na Singapore 5-0, lakini lalamiko halikwisha. Kwa hiyo alipofungwa 2-0 na Jordan katika nusu fainali ya Kombe la Asia, Februari 2024, hakuwa na akiba yoyote ya huruma, na siku chache baadaye alifukuzwa. Nusu fainali si matokeo ya aibu. Kwa kocha aliyekuwa akionekana viwanjani kila wiki, huenda ingetosha kumwongezea muda.

Hili la kuonekana ndilo nililolikuta kwenye ujumbe wa wasikilizaji kuliko jambo lingine lolote, na ndilo ambalo viongozi wengi wa soka hawalitilii maanani wakati wa kuandika mkataba. Msikilizaji wa kawaida hana njia ya kupima mbinu za kocha, ila anajua kama kocha alikuwa jukwaani Jumapili kwenye mechi ya klabu ndogo ya mkoani au hakuwapo. Akimwona pale, hata kikosi kikija bila jina analolipenda, ataamini kwamba mchezaji wake alitazamwa akaachwa kwa sababu ya mpira. Asipomwona, kila aliyeachwa anageuka dhuluma. Mgeni ana faida kubwa ya kutodaiwa fadhila na klabu, ukanda wala wachezaji wenzake wa zamani, lakini faida hiyo hupotea kabisa iwapo majina ataletewa na msaidizi aliyezisikia mechi kwa simu. Hugo Broos, Mbelgiji aliyeichukua Afrika Kusini mwaka 2021, alifanya kinyume chake: aliijenga timu kwa wachezaji wengi wa ligi ya ndani, akapata nafasi ya tatu katika AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) ya 2023, kisha akaipeleka nchi Kombe la Dunia la 2026.

Wapo wanaoleta hoja ya historia, kwamba hakuna kocha wa kigeni aliyewahi kutwaa Kombe la Dunia la wanaume. Mpaka mashindano ya 2022 ni kweli. Waliokaribia ni Mwingereza George Raynor akiwa na Sweden mwaka 1958 na Mwaustria Ernst Happel akiwa na Uholanzi mwaka 1978, na wote walifungwa fainali. Lakini hoja hii huwa haisemi kwamba Brazil, Ujerumani, Italia na Argentina zina wachezaji wengi bora na makocha wengi bora kwa wakati mmoja, hivyo hazikuwa na haja ya kutafuta nje. Nje ya kombe hilo mambo ni tofauti. Fainali ya Euro 2004 ilikuwa na wageni kwenye mabenchi yote mawili: Mjerumani Otto Rehhagel upande wa Ugiriki, Mbrazili Luiz Felipe Scolari upande wa Ureno. Rehhagel, aliyeshinda 1-0, alianza kazi yake Ugiriki kwa kufungwa 5-1 na Finland.

Kwa upande wa Afrika, uchungu wa wazawa una msingi wake. Mnigeria Stephen Keshi alisema hadharani, Januari 2013, kwamba baadhi ya makocha wa kizungu huja barani kufuata fedha na hawafanyi lolote ambalo Waafrika hawawezi. Wiki chache baadaye akatwaa AFCON akiwa na Nigeria. Katika Kombe la Dunia la 2022 timu zote tano za Afrika ziliongozwa na Waafrika. Ivory Coast iliachana na Mfaransa Jean-Louis Gasset katikati ya AFCON iliyokuwa ikiiandaa yenyewe, baada ya kipigo cha 4-0 kutoka kwa Equatorial Guinea, na msaidizi wake Emerse Faé, raia wa Ivory Coast, akachukua kombe. Mambo haya yamebadilisha swali ambalo wananchi huuliza siku ya uteuzi. Zamani waliuliza mgeni huyu ametoka klabu gani. Siku hizi huuliza kwanza kwa nini hajateuliwa wa kwetu, na mshahara wake unamzidi mzawa kwa mara ngapi. Shirikisho linaloficha jibu la swali hilo humwanzisha kocha wake akiwa na deni ambalo hakulikopa.

Hata Uingereza, yenye fedha na waandishi wa kutosha, haijatulia juu ya jambo hili. Mjerumani Thomas Tuchel alipotangazwa kocha wa timu ya wanaume Oktoba 2024, magazeti mengine yaliandika kama vile nchi imefiwa, na baadaye yeye mwenyewe alisema wimbo wa taifa atauimba atakapostahili. Sarina Wiegman, Mholanzi, anaifundisha timu ya wanawake ya nchi hiyohiyo tangu 2021, ametwaa Euro ya 2022 na ya 2025, na ugeni wake hautajwi hata kwa utani.

Nirudi kwa kocha aliyeulizwa. Mechi nne, na kushinda moja, hazitoshi kumfukuza, na kuvunja mkataba kwa kawaida hugharimu fidia ambayo ingeweza kulipa kambi ya timu ya vijana. Ila shirikisho lisiupuuze umma. Lifuatilie yaliyosemwa baada ya ile mechi moja aliyoshinda. Lizingatie pia kwamba wanaoandika ni wachache kuliko wanaonunua tiketi. Katika kipindi chetu kulikuwa na wasikilizaji waliotuma ujumbe mara kadhaa kwa jioni moja kwa majina tofauti, na asiyejua hilo angedhani nchi nzima imekasirika. Kama baada ya ushindi ule watu walinyamaza, basi apewe muda mpaka mechi za kufuzu ziishe. Kama waliendelea kusema kwamba haonekani kwenye mechi za ligi, aitwe, aelezwe, na ratiba ya mechi atakazozitazama itangazwe kabla hajataja kikosi kingine.