Risiva mpya, ubora 0: msiguse dishi kwanza

Mkuu, umesema dishi la futi 6 na lile dogo la Ku (masafa ya juu ya satelaiti) yalikuwa yanashika vizuri mpaka risiva ya zamani ilipoungua. Umeweka mpya, nguvu inasoma 70, ubora 0, na fundi anataka kupanda juu akalizungushe dishi. Mwambie asubiri. Risiva ikiungua dishi halisogei. Kilichopotea ni mipangilio.

Hiyo 70 isikubabaishe. Mara nyingi inaonyesha tu kuwa LNB (kile kichwa cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi) inapata umeme, hata dishi likitazama ukuta wa jirani. Angalia ubora.

Mimi nafunga madishi huku Tanga, na kazi kama hii naianza kwenye stika ya LNB. Ya C-band (ya lile dishi la futi 6) kwa kawaida imeandikwa L.O. 5150, namba ambayo risiva inaitumia kupigia hesabu masafa. Ukiingia kwenye menyu utakuta 5150, na jirani yake 5150/5750, na wengi wanachagua hiyo ya pili kwa kuwa inaonekana imekamilika zaidi. Hiyo ni ya LNB inayoshusha V na H (mawimbi ya wima na ya mlalo) kwa pamoja kwenye waya mmoja. Kama yako ni ya kawaida, chaneli zote ambazo risiva inazipigia hesabu kwa 5750 hutaziona.

Ya Ku, kama stika inasema 9750/10600, chagua Universal. Hapo risiva yenyewe inawasha 22K (ishara ya kuiambia LNB ihamie masafa ya juu) kwa masafa ya juu ya 11700 na kuizima kwa ya chini. Ukiona chaneli za chini ya 11700 zinakuja na za juu hazitaki, jua kosa lako liko hapo. Zikija za V tu, H hakuna, angalia umeme wa LNB: uwe volti 13/18, usiwe umebanwa kwenye 13.

Sasa swichi ya DiSEqC (inayounganisha LNB kadhaa kwenye waya mmoja wa risiva), ambayo nadhani ndiyo mchawi wako. Kila satelaiti kwenye orodha ina mlango wake, na risiva mpya haijui fundi wa zamani alichomeka wapi. Chagua satelaiti moja, weka TP (masafa yanayorusha chaneli) ambayo una hakika iko hewani leo (orodha ya kiwandani imejaa zilizokufa zamani), kisha badilisha mlango 1 hadi 4 taratibu, kila mmoja uupe sekunde kadhaa. Ubora ukipanda, hifadhi, uhamie satelaiti ya pili.

Ukitaka kufungua konekta, chomoa risiva kwenye umeme kwanza, maana uzi mmoja wa wavu wa nje wa kebo ukigusa waya wa katikati ni shoti. Huku pwani chumvi inaila sana shaba. Ukiikuta ya kijani, kata kipande ufunge upya.

Milango yote minne ikigoma, tupia hapa picha ya stika na ya swichi kabla fundi hajapanda.